Ufunguo wa Tatu wa Sorvella

Doonside, Jumamosi, saa kumi jioni

Wakesho mwanangu,

Mama yako amekupeleka Rooty Hill ukaagane na watu wa kanisa, nami nimesema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kukuandikia, kwa sababu kuna mambo ambayo nikikuambia uso kwa uso utanijibu kwa Kiingereza, nami nitaanza kujitetea, na tutaishia kubishana juu ya kitu kingine kabisa.

Habari za koti, soksi za sufu, dawa ya kifua na kupiga simu kila Jumapili sitazigusa. Mama yako ameyaandika mambo hayo yote na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Utayakuta.

Naanza na lililo baya. Nimekuchunguza, Wakesho. Kwa miezi miwili nimekuwa nikikuchunguza wewe na watu unaokwenda kwao, na hukujua.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Jirani akinipungia mkono mara mbili kwa siku moja, nafunga geti. Ulipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikisoma mara mbili kila karatasi uliyorudi nayo, nikitafuta wanachotuficha. Ulikuwa ukicheka. Ulipofika kidato cha tatu ukaacha kucheka, ukaanza kuzitia sahihi zile karatasi mwenyewe. Nililijua hilo pia, sikusema.

Siku uliyotuonyesha picha za Sorvella kwenye kompyuta, tukiwa mezani, niliona mlima, nikaona daraja la mawe, nikaona kanisa, kisha nikaona mafuvu. Yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, safu juu ya safu, kila moja limeandikwa jina kwenye paji la uso kwa rangi nyeusi, na mengine yamechorewa majani na maua. Ukasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, miaka miwili ya kuyasafisha, kuyapiga picha na kuyaandika kwenye daftari la mji. Mama yako akasema amesahau maji jikoni, akaondoka. Mimi nikauliza hao ni watu gani wanaoweka vichwa vya wazazi wao kabatini. Ukanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanyi mara nyingi.

“Baba, watu wa namna hiyo wewe unawajua.”

Nikajifanya natafuta chumvi.

Wiki hiyo uliisahau barua yao kwenye mashine ya kuchapia. Ilikuwa ya Kiitaliano, ina muhuri wa mji na sahihi ya karani wao, yule mwanamke anayeitwa Loredana. Niliitia mfukoni. Nilijiambia nakulinda. Kwa nini mji mdogo wa milimani uite msichana Mwafrika kutoka Sydney, wakati Italia yenyewe imejaa vijana waliosomea uhifadhi wa vitu vya kale? Kwa nini wakupe na mahali pa kulala? Na chumba hicho juu ya duka la mkate, nani mwingine ana ufunguo wake?

Kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, namhudumia mama mmoja Mwitaliano, Bi Ernesta. Umri wake umepita miaka tisini, macho yake bado yanafanya kazi kwa msaada wa kioo cha kukuzia, na ulimi wake hauhitaji msaada wowote. Kanuni haziruhusu kumpelekea mzee karatasi zako za nyumbani. Nilimpelekea. Aliposoma mstari wa kwanza aliishusha barua kwenye mapaja.

“Nani anakwenda Sorvella?”

“Binti yangu.”

“Mwambie asivuke daraja.”

Kumbe Bi Ernesta alizaliwa bonde la pili kutoka hapo, upande wa pili wa mlima. Kwa wiki nzima, kila nilipompelekea chai, alinisimulia habari za Sorvella, na nakuandikia hapa alivyonisimulia, maana wewe umezisoma kwenye vitabu lakini hukuzisikia kwa mtu anayewachukia.

Alisema mji ule umebanwa kati ya milima miwili na jua huufikia saa chache tu wakati wa baridi. Njia ya kuingilia ni moja, ile ya darajani. Zamani misafara ya nyumbu ilipita hapo ikipandisha chumvi kuelekea ng'ambo ya milima, na watu wa Sorvella walikaa darajani wakiwakagua wapitao kana kwamba kila mmoja ameficha kitu. Chakula chao kilikuwa aina ya njugu kubwa zinazozaliwa na miti ya msituni. Walizikausha juu ya moshi na kuzisaga unga, na mpaka leo, alisema, ukimkumbatia mtu wa Sorvella ananuka moshi. Karatasi za mji, zile za mipaka ya malisho na misitu, ziliwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zikakaa kwa familia tatu, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake kulifungua peke yake. Bi Ernesta alilisema hilo kwa dharau. Mimi nilijikuta natikisa kichwa kukubali. Niliuona ni mpango wa maana.

Mafuvu nayo alinieleza. Makaburi yalikuwa machache kwa sababu chini ni mwamba. Mtu akizikwa, baada ya miaka kadhaa hufukuliwa ili mwingine apate nafasi, kichwa kikaoshwa, kikaandikwa jina na kuwekwa kwenye kinyumba kilicho ubavuni mwa kanisa. Akaja padri mmoja asiyeutaka mchezo huo, akaziba mlango kwa mawe. Watu hawakubishana naye. Waliacha tundu moja nyuma ya ukuta, wakawa wanawatembelea wazee wao kwa kuchungulia, mpaka padri akafa na wao wakaubomoa ukuta. Baadaye sana, mgeni mwenye kamera alikaribishwa akalala siku tatu, na alipoondoka mafuvu mawili hayakuonekana tena. Tangu hapo kinyumba nacho kikatiwa kufuli tatu.

Nikamwuliza mbona anawachukia hivyo. Akasema wakati wa tauni, Sorvella walifunga daraja. Watu wa bonde lake walikuwa wakikimbia ugonjwa, wakafika hapo na watoto. Watu wa Sorvella waliwawekea mikate juu ya jiwe katikati ya daraja, wakarudi nyuma, wakawaambia waile, kisha wageuke warudi walikotoka. Mmoja wa waliogeuka alikuwa mama wa ukoo wake, ana mtoto mchanga mgongoni. Hakufika popote.

“Hiyo ilikuwa zamani gani?” nikauliza, nikidhani labda ni enzi za bibi yake.

Akahesabu kwa vidole, akaacha. Ilikuwa kabla ya mtu yeyote anayemjua. Kabla ya babu wa babu yake. Na bado kwao hawaoi Sorvella, hawauzi mbuzi Sorvella, na yeye mwenyewe, aliyevuka bahari kuja kuishi Australia, alipokuta kwamba muuza mboga wa mtaani kwao ametoka Sorvella, alikuwa akitembea mtaa wa pili kununua vitunguu. Aliniambia hayo bila aibu. Akaniagiza nikuambie ukilikuta lile jiwe darajani, usiliwekee mkono.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Hicho ndicho ninachotaka kukiri. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, mtu wa kuniambia kwamba wale ni wabaya. Nikakaa kwenye kompyuta nikamwandikia Loredana. Sikumsalimu vizuri. Nilimwuliza nani anafaidika na kazi hiyo, mafuvu yakishasafishwa yanakwenda wapi, na kwa nini wamechagua binti wa watu wa mbali asiye na mtu wa kumtetea huko.

Alijibu baada ya siku mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka. Alisema hawezi kunijibu mpaka ajue mimi ni nani, kwa kuwa wameshawahi kuandikiwa na watu wanaojiita familia ya fulani, kumbe wanunuzi. Kisha akasema kwamba, kama kweli mimi ni mtu wako, basi kuna kitu walichokuomba wewe, na hujakileta. Ulikuwa umewaandikia kwamba watu wa baba yako, huko Taita, nao walikuwa wakiweka vichwa vya wazee wao mahali pa heshima. Hiyo ndiyo sababu walikuchagua. Sasa mtunza ufunguo wa tatu, mzee aitwaye Bortolo, alitaka barua kutoka kwa familia yako, iseme kwamba watu wako wanajua unakwenda kushika wafu wa wengine na wanaridhia. Wewe ukajibu kwamba utaileta. Wiki zikapita. Mzee Bortolo akasema bila barua hiyo ufunguo wake hautoki mfukoni.

Kwa hiyo ulikuwa umenunua tikiti, umeacha kazi, umeanza kuagana na watu, unakwenda kwenye mlango ambao huenda usifunguliwe. Na hukuniomba barua.

Niliikalia habari hiyo wiki tatu. Nilikuona ukipanga nguo sebuleni, nikawa nasema moyoni, atarudi. Nilikuwa nangoja ukwame.

Katika wiki hizo tatu nilimpigia simu shangazi yako Mghoi huko Wundanyi. Nilitaka kumgombeza. Ni yeye tu angeweza kukuambia habari za pango la wazee wetu, maana mimi sijawahi kulitaja katika nyumba hii, hata mama yako hajui. Nikamwuliza alikuambia nini ulipokwenda kwenye harusi ya binti yake, miaka miwili iliyopita.

Mghoi akasema hukuambiwa, uliuliza. Ulimwomba akupeleke ngomenyi, mahali pa vichwa, kwa sababu ulikuwa umesoma chuoni kwamba Wataita walikuwa na mapango hayo. Mlipanda pamoja asubuhi. Mkakuta pango tupu, majani makavu na mavi ya popo. Ukamwuliza nani aliwaondoa.

“Ukamwambia nini?” nikauliza.

“Nilimwambia amwulize baba yake.”

“Hajaniuliza.”

“Basi anakungoja, kaka.”

Miaka miwili, Wakesho. Umekaa nami mezani miaka miwili ukiningoja. Nami nilidhani ni mimi ninayekuchunguza.

Sasa nakuambia. Hakuna mtu niliyemsimulia haya.

Babu yangu Mwaluma ndiye aliyekuwa akilitunza pango la ukoo wetu. Hakukuwa na vichwa vipya. Desturi hiyo ilikuwa imekoma tangu ujana wake, watu walipojaa kanisani. Lakini wa zamani walikuwapo, kwenye vipandio vya mwamba, wamekaa safu tatu, wanatazama nje. Babu alikwenda kuwafagilia. Alikwenda kanisani pia, aliimba sauti ya chini, na hakuona ubaya wowote kati ya mambo hayo mawili.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, katibu wa vijana wa kanisa, nimevaa shati jeupe siku zote. Mwaka huo mama yangu aliugua. Alikohoa, akakonda, akawa hawezi kupanda mteremko wa kutoka mtoni. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee mwenye pango anawala wa nyumbani kwake ili aishi. Hakuna aliyesema hivyo mbele yangu kwa jina. Walikuwa wananiambia tu, angalia vizuri, wewe umesoma. Nami nikaanza kuangalia. Nilihesabu mara alizokwenda pangoni. Nilitazama alivyomtazama mama. Mtu ukimshuku, kila anachofanya kinakuwa ushahidi, hata kukohoa kwake.

Alfajiri moja nilimfuata. Nilijificha nyuma ya jabali. Nikamwona anachukua funda la pombe ya miwa kwenye kibuyu, anaipuliza kuelekea kwenye vile vichwa, anasema maneno, anapuliza tena. Ni kutasa, ndivyo wazee wetu walivyoomba, na mimi nilijua jambo hilo lilivyoitwa, lakini nilikuwa nimeambiwa ni uchawi na nilikuwa tayari kuambiwa. Katikati ya maneno yake nikasikia jina la mama yangu. Hilo lilinitosha. Sikungoja kusikia yaliyofuata.

Wiki ile kulikuwa na mkutano wa wahubiri waliotoka mjini. Nikawaambia. Wakataka kuonyeshwa. Babu alipokwenda Voi kumwona rafiki yake, tulipanda watu watano na magunia mawili. Mimi ndiye niliyetangulia, kwa sababu ndiye niliyeijua njia. Waliimba. Walikuwa wakivichukua vichwa kwa mikono miwili, haraka, kama mtu anayetoa vyungu kwenye moto. Gunia la pili nililibeba mimi. Lilikuwa jepesi. Hilo ndilo linalonirudia, Wakesho, wepesi wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo. Tukachimba shimo kando ya njia ya mtoni, tukawamimina, tukafukia, tukaomba.

Babu alirudi siku ya pili. Alikwenda pangoni, kisha akaja nyumbani kwetu. Nilikuwa nimejipanga na aya zangu za Biblia. Hakupaza sauti.

“Mliwatoa kuanzia upande gani?”

Nikasema sikumbuki.

“Wa kwanza, safu ya juu, karibu na mdomo wa pango. Aliingia gunia lipi?”

Nikamwambia tulichanganya.

Alikaa kwenye kizingiti. Kisha akasema, “Basi sasa ni mifupa.”

Sikuelewa kwa miaka mingi. Wale wa Sorvella waliandika majina. Sisi hatukuandika. Jina la mtu lilikuwa ni mahali alipowekwa, na babu alikuwa amefundishwa na baba yake, kutoka mdomo wa pango kwenda ndani, huyu ni nani, alimzaa nani, alikufa wakati gani. Mpango ule ndio uliokuwa maandishi yetu, na mimi niliumimina kwenye gunia.

Mama yangu alipelekwa hospitali, wakakuta ana kifua kikuu. Alimeza dawa miezi mingi, akapona. Alipopata nguvu za kukaa uani nilimweleza kwa nini tulifanya vile, nikitaka anishukuru. Akaniuliza, “Mbona hukuniuliza mimi? Nilimtuma mwenyewe akaniombee.”

Babu aliishi miaka mingine tisa. Alinisalimu kila siku. Lakini hakukubali tena nitembee nyuma yake. Tukikutana njiani alisimama kando, akanipisha, akanifuata yeye. Nikimpa maji, alimpa kwanza mwingine ayaonje, au aliyaweka chini na kuyasahau. Nilikuwa nimemshuku mwaka mmoja kwa jambo ambalo hakulifanya. Yeye alinishuku miaka tisa kwa jambo nililolifanya, na hakukosea hata siku moja. Alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimefika hapa, nafanya kazi kwenye ghala kule Ingleburn. Niliwaambia nyumbani kwamba kazi imenizuia. Kazi haikunizuia. Msimamizi wangu alinipa karatasi ya ruhusa, nikaikunja nikaiweka kwenye droo.

Nakumbuka siku zile za Ingleburn nilikuwa na rafiki Mkongomani, Faustin, tukiongea Kiswahili tukifunga maboksi. Wenzetu wakatushtaki kwamba tunawasema. Tukaitwa ofisini, tukakana, tukaonekana tumeonewa. Na kweli tulikuwa tunawasema. Nilikuelezea kisa hiki ulipokuwa mdogo, nikaacha sehemu ya mwisho. Naiongeza leo ujue kwamba mtu anayekushuku mara nyingine ana haki, na kwamba baba yako hujitetea vizuri zaidi anapokuwa na kosa.

Sitaki kukudanganya kwamba nimeacha kushuku. Sorvella siwaamini. Watakutazama kupitia mapazia mwaka mzima. Watauliza maswali ya adabu, na majibu yako watakwenda kuyalinganisha. Waache. Usiharakishe kupendwa. Ila wewe ukianza kumshuku mtu wa huko, iwe Loredana, iwe mwenye duka la mkate, nakuomba umwulize. Umwulize siku hiyohiyo, hata kama Kiitaliano chako ni kibovu, hata kama utaonekana mjinga. Mimi nilikaa nyuma ya jabali nikasikiliza nusu ya sala. Na mwaka huu, na umri huu, nimefanya vilevile na barua yako mfukoni.

Jumatano nilimwandikia Loredana tena. Safari hii nilisema mimi ni nani. Niliandika kwamba mimi ni baba wa Wakesho, mjukuu wa Mwaluma, na kwamba mtunza pango wa ukoo wetu angekuwa hai ndiye angetoa ruhusa, lakini hayupo, na pango ni tupu, na aliyelifanya tupu ni mimi. Nilieleza gunia. Nilieleza swali la babu. Nikasema familia inaridhia. Shangazi yako Mghoi naye aliniambia niandike jina lake. Nikamwomba amsomee mzee Bortolo yote, asiruke mstari, kwa kuwa ni haki yake kujua ni binti wa nani atakayewashika watu wake. Nilipobonyeza kutuma, niliona nimekuharibia. Nani angempa ufunguo mtoto wa mtu kama huyo? Nikazunguka uani mara tatu. Lakini ningeficha, ningekuwa nimekutuma huko na uongo wangu ndani ya sanduku lako.

Jibu limefika leo asubuhi, ulipokuwa unaoga. Loredana anasema mzee amesomewa barua mara mbili, jikoni kwake, kofia imo mkononi. Kisha mzee akamwagiza aandike hivi: msichana aje, baba asije.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Nani amemwambia nataka kwenda kwao? Halafu nikaanza kumwelewa, na mwishowe nikampenda kidogo. Huyo anajua maana ya kutunza ufunguo. Babu angesema maneno hayohayo.

Basi mlango utafunguliwa. Ondoka na hilo, usilale na wasiwasi.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu Jumatano nimekuwa nikijaribu kukumbuka. Nilipokuwa mdogo babu alinipeleka pangoni mara chache, akanitajia, nami nilikuwa nachezea konokono, sikushika. Nimekumbuka watatu. Safu ya juu, kutoka mdomo wa pango: Righa, aliyekuja na ukoo kutoka upande wa Bura. Anayefuata, Mghanga mwanawe, aliyekuwa na kigugumizi. Wa tatu ni mwanamke, Mkamburi, na babu alisema aliwekwa na wanaume kwa sababu ndiye aliyewalisha mwaka wa njaa. Baada ya hapo kuna giza. Nimempigia Mghoi, naye anamkumbuka mmoja wa safu ya chini lakini hana hakika na mahali pake. Yaandike majina hayo kwenye daftari lako la kazi, ukurasa wa mwisho, au popote utakapoona panafaa. Wewe ndiye uliyesomea.

Nasikia gari la mama yako kwenye kona. Nitaiweka barua hii ndani ya pasipoti yako, uikute leo kabla ya kulala, maana sitaki uisome angani ambako huwezi kunijibu.

Kesho nitaendesha mimi. Kutoka hapa Doonside hadi uwanja wa ndege ni kama saa nzima, na mama yako amekubali kukaa kiti cha nyuma. Sitawasha redio. Ukitaka kuniuliza, niulize, kwa lugha yoyote unayoiweza. Nitakujibu.

Baba yako,
Nyambu